Majibu Niliyomjazia Binamu

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku tupo, ila mvua haikatiki. Nguo za marehemu mwanao nimezifua na kuzikunja. Kiatu kimoja sijakiona, labda kilibaki pale ngazini alipoanguka.

Umeuliza, mlevi vile chuo kilimpaje cheti kwamba pombe si tatizo kwake. Chuo huwauliza wanafunzi maswali kuhusu unywaji wao, hujazwa mtandaoni, na asiyejaza hasajiliwi. Siku ya mwisho mwanao alikuwa chakari, hajitambui, nikamjazia mimi nisiyeijua pombe hata ladha. Kila swali nilijibu la kwangu: sijawahi, sijawahi. Waliofeli waliitwa kwa mshauri. Yeye akapongezwa.

Cheti ulichokitundika sebuleni kina jina lake, Shangazi, lakini aliyefaulu ni mimi.

Mtoto wa kaka yako