Siku Mstari wa Juu Ulipofutika

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta goti limetulia, na mvua hazijaozesha maharage hapo Mabawe. Mimi mwili ni mzima. Barua nampa mwanafunzi wa Mwanza anayekuja likizo, maana kwenye simu nilishindwa kusema.

Uliwahi kuniuliza, "Huko Ujerumani unasomea matumbo ya nguruwe, ndiyo nini?" Nikacheka tu. Leo nakujibu. Tumbo hutengeneza kimeng'enya cha kusaga nyama, lakini hukitoa kikiwa bado hakijaanza kazi, kisije kikalisaga tumbo lenyewe. Mimi natafuta kama katika hali hiyo ya mwanzo kimebandikwa fosfeti, kitu kidogo ambacho hata darubini haikioni. Tunaweka maji ya tumbo kwenye kipande cha jeli, tunapitisha umeme, na kila kitu kinatembea humo kwa mwendo wake. Jeli yetu ina dawa inayokamata fosfeti, kwa hiyo chenye fosfeti hubaki nyuma. Tukitia rangi, tunaona mistari ya buluu.

Nilipata mistari miwili, wa juu ukiwa ndio uliobaki nyuma. Profesa wangu akatikisa kichwa. "Huo wa juu ni uchafu. Usipothibitisha, tutabadilisha mada." Yaani kazi yangu yote tangu nifike itupwe.

Nikagawa sampuli ileile. Nusu nikaitia kimeng'enya kingine kinachobandua fosfeti, nusu nikaiacha, nikazipitisha pamoja kwenye jeli moja. Mchana nilipoosha rangi, upande mmoja kulikuwa na mistari miwili. Upande wa pili, wa sampuli iliyotiwa kimeng'enya, ule wa juu ulikuwa umefutika. Haukuwa uchafu, baba. Profesa aliinama, akatazama kwa muda, akanipa mkono. "Ni fosfeti. Andika." Akaenda kwenye kikao chake. Wenzangu kila mmoja alikuwa kwenye meza yake, masikio yamezibwa na muziki. Nikabaki nimesimama na jeli yangu, sina wa kumwambia.

Nikatoka kwenye ngazi kupiga simu. Nilitaka wa kwanza kujua awe shangazi Restituta, aliyenilea mama alipofariki. Nikampigia yeye, akapokea mdogo wangu Jenesta. Nyuma yake watu walikuwa wakiimba.

"Mko kanisani?"

"Tuko Bukiriro, dada. Kwa shangazi."

"Basi mpe simu."

Akasogea mbali na nyimbo. Kisha akasema, "Baba alikataza usiambiwe mpaka umalize kazi yako. Tumemzika jana."

Nililia palepale ngazini. Mzungu mmoja alipita akauliza kama nimeumia mguu. Nikasema ndiyo. Ningeanzia wapi kumweleza? Hapa hakuna anayemjua shangazi, hakuna hata wa kumtajia jina lake akaitikia.

Najua mlinihurumia. Lakini na wewe umempoteza dada yako, na mimi mwanao sikukupa pole. Pole sana, baba. Naomba msinifiche tena. Hata kama siwezi kuja, niambieni, nilie siku ileile mnayolia ninyi.

Nisalimie mama mdogo, na watoto wa marehemu wote. Jirani yetu fundi baiskeli mwambie namkumbuka. Jenesta mwambie sijamkasirikia, alitii tu.

Nikija, twende kwanza Bukiriro. Nyumbani tutafika baadaye.

Mwanao,
Editha