Risiti za Mama Kadogo

4 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na mwanangu. Mimi huku ughaibuni sijambo, ila mikono imechubuka kwa sabuni. Nakuandikia kwa kuwa simu huisikii. Ukiulizwa habari za goti unajibu asante, nimeshakula.

Msimamizi ametukusanya stoo wasafishaji wote, akatugawia karatasi. Eti kuanzia mwezi ujao sisi si waajiriwa tena, kila mtu amejiajiri. "Hongereni, sasa ninyi ni mabosi," kasema, wala hakucheka. Sare ni ile ile, ghorofa zile zile, saa ya kuingia ile ile. Ila sabuni, glavu na mashine ya kufyonza vumbi tujinunulie, na kodi tujilipie wenyewe. Wametupa wiki moja tutie sahihi. Wewe umekaa masjala miaka thelathini, karatasi unazijua. Nitie?

Mwanao,
Mama Kadogo

21 Machi

Mwanangu, marahaba.

Sisi wazima, goti tu ndilo linanikumbusha umri. Barua imefika jana.

Usitie! Jiulize: nani anakupangia saa? Unaweza kumtuma mwenzako akushikie zamu? Ukipata kazi nzuri kwingine, unaruhusiwa kuifanya? Kama majibu ni "wao", "hapana" na "hapana", wewe ni mwajiriwa hata wakikuvisha taji. Wanachokimbia ni kukulipa siku za ugonjwa na likizo.

Na kama umeshatia, basi, maji yakimwagika hayazoleki. Weka kila risiti. Sabuni, glavu, mashine, nauli ya jengo moja hadi jingine, hizo ni gharama za kazi: zinatolewa kwanza kwenye pato, kodi inakatwa kwenye kinachobaki. Nauli ya nyumbani hadi kazini usiihesabu, watakucheka. Chumba chenu mko watano na ukuta unatoka maji, kwa hiyo nitumie mimi. Karatasi iliyopita mikononi mwangu haijawahi kupotea.

Babako

9 Aprili

Shikamoo Baba. Hamjambo huko?

Nilitia siku ya nne. Waliokataa hawakupangiwa zamu. Nisamehe.

Sasa mimi ni bosi, na bosi wangu mchoyo huyo! Juzi niliumwa siku mbili, hakunilipa hata senti. Nilicheka, kisha nikalia chooni ghorofa ya sita, nikakisafisha nikatoka.

Risiti za mwanzo ndizo hizi, zimekunjamana kwa kukaa mfukoni mwa aproni. Zitunze, Baba. Novemba kibali changu cha kuishi kinaisha, na hawanipi kipya bila barua ya ofisi ya kodi. Nikikipata, namwombea Kadogo aje. Ombi lazima liingie kabla hajatimiza miaka kumi na miwili, tarehe tisa Januari. Ikipita hapo, mlango umefungwa. Nilimwacha ana miaka minne, Baba.

Mwanao

20 Juni

Marahaba mwanangu. Hatujambo.

Bahasha zote tatu zimefika, zimo kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Panya wakizitaka waombe ruhusa kwanza. Ile ya mashine uliyonunua mwezi uliopita ipo, hiyo peke yake itakupunguzia kodi kweli kweli. Lakini zimekunjamana kuliko uso wangu! Afisa atakudharau kabla hajasoma. Sisi masjala hatukuwa tukipeleka kwa mkubwa karatasi yenye mikunjo. Niachie mimi.

Kadogo, ambaye sasa ananifika begani, kila Jumapili analijaribu gauni la safari. Nimemwambia atalichakaza kabla ya safari yenyewe.

Babako

2 Agosti

Shikamoo Baba.

Ofisi ya kodi imeniita niende na risiti tarehe ishirini Oktoba. Nilimweleza afisa maswali yako matatu. Mama wa watu alinisikiliza, akasema nina haki, nifungue lalamiko, litachukua miaka miwili. Kwa sasa sahihi ni sahihi. Bila risiti watahesabu kila nilichopokea kuwa ni faida, na kodi hiyo siiwezi. Zitume kwa rejista, upesi.

Mwanao

10 Septemba

Baba, kimya kingi kina mshindo mkuu. Unaumwa? Risiti ziko wapi?

Mwanao

27 Septemba

Mwanangu,

Siumwi. Heri ningekuwa naumwa.

Nilizipiga pasi. Nilizipanga zote mezani, nikafunika shuka, nikapitisha pasi mara moja, kama nilivyokinyoosha cheti chako cha shule. Nilipofunua, zote nyeusi tii. Nilidhani masizi, nikafuta kwa kitambaa. Mwenye duka la picha ameniambia karatasi hizi hazina wino, joto ndilo linaloziandika na joto ndilo linaloziharibu. Sikujua. Zetu zilikuwa za wino.

Ilikuwa tarehe mbili Julai. Tangu siku hiyo naona haya. Nakutumia hivyo hivyo, huenda afisa ataona kitu.

Babako

6 Novemba

Shikamoo Baba.

Afisa aliziinua moja moja kwenye taa. Akauliza, "Hizi ni nini, mama?" Nikasema ni baba yangu alizinyoosha. Hakucheka. Barua hakuweza kuniandikia, na kibali nimenyimwa. Deni la kodi limebaki kwa jina langu.

Nimekasirika, sikufichi. Si kwa sababu ya pasi. Duka la mashine huweka nakala siku tisini. Ungeniambia Julai ningeipata. Mimi niliuliza Oktoba.

Kadogo usimwambie.

Mwanao

9 Januari

Mwanangu Mama Kadogo,

Barua zangu mbili hujazijibu, na sikulaumu.

Leo Kadogo ametimiza kumi na miwili. Gauni lilikuwa na mikunjo, akaniletea pasi: "Babu, nipigie." Nimeshindwa kuishika. Amelivaa hivyo hivyo, akakaa karibu nami, akauliza kama ombi limeingia.

Nimemwambia. Umenikataza, lakini kunyamaza nimeshakuona kazi yake. Nimemweleza na habari ya pasi, kwamba ni mimi. Hakulia. Amelivua gauni, akalikunja vizuri, akasema apewe mtoto wa jirani kwa kuwa yeye limembana.

Limembana kweli, nimeliona mgongoni. Niandikie hata mstari mmoja.

Babako