Yai Juu ya Tawi Tupu

Kaka Anselmi,

Shikamoo. Sijui huko uliko watu wanaitikiaje, ila mimi nimekuamkia.

Nimeliona yai lako.

Jumanne nilipeleka kabichi misheni. Bruda mgeni kutoka Ulaya alikuwa jikoni na kitabu cha ndege, akatuonyesha picha moja moja. Alipofunua ukurasa mmoja, kabichi ikanidondoka. Ndege mweupe pe, macho meusi, katua kwenye tawi tupu. Hana kiota, hana hata jani, na yai lake moja liko hapo hapo juu ya tawi. Nikamuuliza anaishi wapi huyu. Akasema visiwani, katikati ya bahari.

Kumbe, kaka. Kumbe ulisema kweli.

Miaka mitatu ulipika kwenye meli ya Wajerumani. Ulirudi kwa garimoshi hadi Morogoro, ukapanda mlima kwa miguu, na kitu cha kwanza ulichotusimulia ni ndege huyo. Mimi ndiye niliyeanza kucheka. Nikasema jua la bahari limekuharibu kichwa, yai gani lisiloanguka upepo ukivuma? Nikakuita Baba Yai. Wiki haikuisha, kijiji kizima kinakuita hivyo, mpaka wakwe zako. Ukaacha kusimulia. Mwishowe hata kwenye pombe ukawa huji.

Siku ulipozidiwa ulinishika mkono ukasema, "Dada, lile yai nililiona." Nikakujibu, "Lala, usijichoshe." Basi. Sikukwambia neno jingine mpaka ukakata roho.

Na mazikoni watani walifanya kazi yao kama desturi. Mmoja alijitanda shuka lako jeupe, akakalia mpini wa jembe, akataga kiazi. Watu walicheka huku wanalia. Mimi nilicheka kuliko wote, na kaburi lako lilikuwa halijafukiwa.

Nisamehe, kaka. Tangu Jumanne nalia, mpaka mama kaniuliza nani tena kafa.

Jumamosi tunamaliza matanga. Watani watarudi na kiazi chao, na sitawazuia, utani ni haki yao. Wakishamaliza nitasimama mbele ya ukoo na wakwe zako. Bruda kaahidi kuniazima kitabu. Nitawaambia Anselmi aliona alichosema, na aliyemharibia jina ni mimi, mdogo wake wa tumbo moja. Wakinicheka, wacha wanicheke.

Pumzika, kaka. Nakuamini.

Mdogo wako,
Theresia