Mara ya Tatu Kwenye Kona ya Josho

Ijumaa. Mvua asubuhi, jua kali mchana, na mimi nanuka.

Nimeoga mara mbili. Mara ya pili nimetumia sabuni ya mche, ile ya kufulia, nikajisugua mpaka mikono ikawaka. Bado nanuka. Nikiinama kuandika, harufu inanipanda kutoka kwenye nywele: mavi ya ng'ombe, mkojo wa ng'ombe, na dawa ya josho juu yake. Mengine yaliingia kinywani. Nimesukutua kwa chumvi, nikasukutua kwa chai, na hata sasa nikimeza mate nataka kutapika. Ptu!

Barabara ya kushuka kutoka zahanati yetu kwenda kijiji kipya cha bondeni ina kona mbili kali. Ya kwanza inakata kulia, na hiyo naipita vizuri mpaka wachunga ng'ombe wananipigia mbinja. Ya pili inakata kushoto, pale kwenye josho la kuogeshea ng'ombe, ambapo uchafu wote wa mifugo unatuama kando ya barabara. Tangu nikabidhiwe baiskeli ya zahanati nimeangukia humo mara tatu. Ng'ombe wenyewe hupelekwa pale mara moja kwa wiki, tena kwa fimbo.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Marwa, alipinga tangu mwanzo nesi wa kike kupanda baiskeli. Leo ameniona napanda mlima nikiikokota, gauni la kazi limegeuka rangi ya kijani. "Mura!" akaniita, kama vile mimi ni kijana wa kiume. "Umeirudisha baiskeli au baiskeli ndiyo imekurudisha?" Wazee waliokuwa naye wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. Nikasema shikamoni, nikapita. Mdomo wangu ulikuwa na mchanga.

Lakini si Mzee Marwa anayenitia kinyaa leo.

Wiki iliyopita, nilipoanguka mara ya pili, nilikuwa na chanjo. Gari la chanjo linaishia hapa juu, haliwezi kushuka bondeni. Mimi ndiye wa kutia vichupa vya chanjo ya surua kwenye themosi yenye barafu, nikaifunga kwenye kerieri, nikawahi kufika kabla barafu haijayeyuka. Kwa miguu huwezi kuwahi. Basi kwenye josho nikaenda chini, na themosi ikalia ndani kama sahani iliyoanguka. Nilipofungua kifuniko nikakuta vipande vya kioo, maji na vichupa vilivyopasuka.

Bondeni akina mama walikuwa wamekaa wameegemea ukuta wa darasa jipya tangu alfajiri, watoto mgongoni. Nikawaambia gari halikuja.

Nilisema hivyo hivyo, bila kupepesa macho. Nilikuwa nimejiosha mtoni kwanza.

Nyangi, yule aliyehamia pale kutoka Susuni, mwenye mtoto wa miezi kumi, akanionea huruma. Akasema, "Pole nesi, umeshuka mlima wote huo kutuambia tu." Akafungua kitambaa chake, akanipa viazi vitamu viwili alivyokuwa amejichemshia yeye mwenyewe vya mchana. Nami nikavipokea.

Nikavila njiani. Nilikuwa na njaa, nikavila vyote viwili na maganda yake.

Sijawahi kujichukia kama ninavyojichukia kwa vile viazi. Mavi ya josho yatatoka, kesho au keshokutwa. Hivyo viazi sijui.

Leo nimemfuata Mzee Athumani, fundi baiskeli aliyepanda kutoka Tarime mjini kuja kurekebisha baiskeli za kijiji. Nilitaka aseme breki ni mbovu. Niliomba Mungu breki ziwe mbovu. Akazikagua, akazungusha gurudumu, akasema ni nzima kuliko za kwake. Basi akataka anione nikishuka. Nikafunga themosi mpya iliyojaa maji kwenye kerieri, nikashuka, na hapo ndipo nilipoanguka mara ya tatu, kifudifudi, mbele ya mzee wa watu mwenye kanzu safi.

Hakucheka. Aliniokota, akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, baiskeli ulijifunzia chini ya bomba?"

Nikaona aibu kama nimevuliwa nguo. Ndiyo. Kwetu msichana hakuruhusiwa kugusa baiskeli. Nilikuwa naiiba ya kaka yangu Chacha akiwa malishoni, naipeleka mtoni, na kwa kuwa nilikuwa mfupi na kiti kilikuwa juu, nilipitisha mguu wa kulia chini ya bomba la juu la fremu, nikanyonga hivyo hivyo. Mwili wote unaning'inia kushoto, baiskeli imelazwa kulia. Miaka miwili niliendesha hivyo.

"Basi mwili wako bado uko chini ya bomba," akasema. Kona ya kulia naiweza kwa sababu baiskeli inalala upande niliouzoea. Kona ya kushoto ikija, baiskeli inatakiwa ilale kushoto, na mimi natupa mwili wangu huko huko na kuisukuma baiskeli kulia. Tena naogopa, nabana breki katikati ya kona, na macho yangu yote yako kwenye matope. "Unapotazama ndipo utakapokwenda," akasema. Akanielekeza: breki umalize kabla ya kona. Pedali ya nje iwe chini, uikanyage kwa uzito wako wote. Ilaze baiskeli, wewe usilale nayo. Tazama mwisho wa kona.

Mara ya kwanza nikaogopa, nikashuka kwenye baiskeli kabla ya kufika konani. Ya pili nikapita nikipiga kelele. Ya tatu, ya nne, ya tano nikapita kimya. Maji ya themosi hayakumwagika hata tone. Mzee Athumani akapiga makofi pale juu ya josho, nami nikalia, ninuke nisinuke.

Ningeishia hapa, siku ingekuwa nzuri.

Lakini jioni mwenzangu wa zahanati amerudi kutoka bondeni. Anasema surua imeingia, nyumba mbili tayari, upande ule wa darasa jipya. Hakujua majina ya watoto. Sikuthubutu kumwuliza mara ya pili.

Njia ya mwongo ni fupi, nimeisikia tangu nikiwa mtoto. Gari la chanjo linakuja Jumanne. Singoji Jumanne. Kesho asubuhi nashuka, nawaambia wale akina mama kwamba gari lilikuja, kwamba chanjo niliimwaga mimi, na kwamba niliwadanganya. Mzee Marwa akitaka kuninyang'anya baiskeli aninyang'anye, mradi ampe mtu atakayewahi na barafu.

Kona ya josho haitanisumbua. Breki mapema, mguu wa nje chini, macho mbele.

Na huko mbele, nikifika mlangoni kwa Nyangi nikakuta macho ya mtoto yamekuwa mekundu kwa surua, nitayaelekeza wapi macho yangu?