Kesho Shemeji Anaruka Mikono Mitupu

Songea, Jumatano jioni. Ukungu umekaa tangu asubuhi, na baridi ya huku inamwingia mtu wa Tanga mpaka kwenye mifupa.

Leo naogopa. Nalisema mapema nisije nikalificha mbele ya safari.

Nimekuja huku na shemeji yangu Rajabu, mume wa dada yangu Zuhura. Yeye ni mzamiaji, kule bandarini alikuwa akisafisha meli kwa chini. Mimi ni kibarua wake: namvalisha, nashika kamba aliyofungwa kiunoni, nasubiri. Tangu kazi zile zianze kugawiwa kampuni za watu binafsi, tunafuata zabuni popote zinapotupeleka. Hii imetuleta kwenye bwawa nje ya mji, kutoa magogo yaliyoziba wavu wa bomba kubwa la maji ya mji. Mabomba ya mtaa wa Mfaranyaki, ninakoandikia haya kwenye intaneti kafe, yanatoa upepo tu.

Maji ya bwawa ni tope. Rajabu akishuka kidogo haoni hata mkono wake. Ndiyo maana anatumia rili, kigurudumu chenye mpini kilichozungushiwa kamba nyembamba. Akifika chini hufunga ncha ya kamba kwenye wavu, huifungua taratibu akitafuta magogo, na akitaka kurudi anaifuata. Ina skrubu ya kuikaza isijifungue yenyewe.

Baharini tulikuwa na boti. Alikuwa akiingia majini kwanza, vifaa nikimpa baadaye. Hapa hakuna boti, na ukingoni ni tope la kuzama magotini. Kuna ukuta wa zege tu, umeinuka juu ya maji kama kimo cha mlango. Kwa hiyo nimekuwa nikimning'inizia kila kitu kifuani: rili, tochi, kisu. Halafu anaruka.

Asubuhi aliniuliza, "Umekaza?"

"Nimekaza."

Niliamini hivyo. Lakini vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Nilizungusha skrubu mpaka nikadhani imefika, kumbe vilivyofika mwisho ni vidole.

Alipopiga maji rili ikafyatuka, kisu nacho kikachomoka. Mimi juu sikuona kitu ila povu. Kule chini kamba nyembamba ilimwagika kama tambi, ikazunguka tochi na mguu wake, ikanasa kwenye magogo.

Nikahisi kamba yangu inavutwa mara tatu. Maana yake nimtoe.

Nikavuta. Haikuja.

Sijui nielezeje. Mtu wako yuko upande wa pili, unamvuta, naye haji. Nikawaita vibarua wawili wa pale, tukavuta, nikaogopa tutamkata kiuno, nikawaambia waache, nikaogopa kuacha. Akilini nilimwona Zuhura mlangoni kwake akiniuliza, yuko wapi?

Mara kamba ikalegea, nikaanguka chali. Nikadhani imekatika.

Rajabu akaibuka na pezi moja tu la kuogelea mguuni. Lile lililozongwa na kamba nyembamba alikuwa amelivua akaliacha humo humo. Tulimburuta mpaka ukingoni, akakohoa, akatapika maji, kisha akaanza mzaha wake: "Pezi nimewaachia Wangoni, wakalichezee ngoma yao ya lizombe."

Mama Ngonyani, anayetuuzia uji pale bwawani, akamjibu, "Sisi tuna miguu miwili, mtani. Moja la nini? Vua na hilo!"

Watu walicheka sana. Mimi nilikuwa nakamua mikono yangu kama nguo.

Mchana mama huyo alikuwa akiwashushia uji vibarua walio ndani ya mtaro, ndoo imefungwa kamba. Nikaiangalia ile ndoo mpaka uji wangu ukapoa. Nikaenda kwa msimamizi. Nikamwambia kesho Rajabu aruke mikono mitupu, aelee, anyooshe mkono kwamba yuko sawa, ndipo nimshushie rili na tochi na kisu kwa ndoo, kimoja kimoja.

"Hatuko baharini hapa," akasema. "Mji hauna maji. Aruke na vitu vyake, kazi iishe."

Nikasema sawa, bosi.

Ndivyo nilivyosema. Sawa, bosi.

Tuliporudi chumbani nilimweleza Rajabu habari ya vidole. Nilitegemea atanitukana. Aliweka kikombe cha chai sakafuni.

"Na mimi niliikagua, shemeji," akasema. "Nikaishika nikaona iko sawa. Hata vidole vyangu havikuwepo, ganzi tupu."

Kisha akasema, "Usimwambie Zuhura." Hakuna mzaha wowote uliofuata. Hicho ndicho kilichonitisha kuliko bwawa lenyewe. Miaka yote nilimwachia yeye ujasiri, nikadhani wangu hauhitajiki.

Zuhura hasomi mambo ya mtandao. Nashukuru.

Kesho baridi itakuwa ile ile, na ukuta ule ule. Nimeamua: rili sitaifunga kifuani mwake. Nitapasha vidole kwanza kwenye kikombe cha uji, nitakaza skrubu, na nitaishika mwenyewe mpaka nione mkono wake juu ya maji. Nikifukuzwa nitarudi Tanga sina kazi, lakini nitarudi na mume wa dada yangu.

Kuandika ni rahisi, bosi hayupo hapa. Kesho atasimama karibu yangu, ataniambia nimfunge haraka. Sijui kama sauti itatoka.

Isipotoka, basi nitaikumbatia rili nikae chini.