Kome Waliokataa Kufa kwa Chumvi

Alhamisi. Mvua ya asubuhi imekatika, jua linachoma mabati, na mimi siwezi kutulia.

Nikiri kwanza: Jumatatu niliogopa.

Pampu ya zahanati, ambayo ndiyo kazi yangu, ilikohoa mara mbili ikanyamaza. Kwenye chumba cha kuzalia kulikuwa na akina mama watano, na maji hakuna. Tangu Katanga ijitangaze kuwa nchi huru, sisi tuliotoka jimbo la Kasai tunatazamwa kwa jicho la pembeni. Kabwe, muuguzi mkuu, alinisimamisha mbele ya watu wote.

"Mutombo, bantu banasema ni weye uliziba bomba. Iko kweli?"

"Hapana, Baba. Niache nifungue, tuone."

Nilifungua bomba linalonyonya maji mtoni. Nilitegemea matope. Wakamwagika kome, wadogo kama punje za mahindi, kila mmoja na maganda yake mawili yaliyobanana. Walijaza ndoo.

Miaka yote hapa sijapata kuwaona.

Kabwe alichungulia, akaguna, akaondoka. Mama Chola, anayeuza pale langoni samaki wa Kasenga, kwenye mto Luapula, aliokota mmoja.

"Hii ku Luapula iko mingi," alisema. "Inapenda fasi maji inatembea polepole."

Hapo nikaelewa nusu ya jambo. Wanajeshi wamepanga mifuko ya mchanga darajani, upande mto unakotokea, ikazuia maji, na huku kwetu mto umepungua. Maji yamekuwa na ladha ya chumvi pia, maana maji machafu ya kiwandani hayapati tena mkondo wa kuyazimua. Nikajiambia: basi chumvi hiyo hiyo itawamaliza.

Nilisafisha bomba, maji yakarudi. Kisha nikaweka kome kumi katika ndoo ya maji ya mto, nikamimina vikombe viwili vya chumvi ya jikoni. Mke wangu alinuna. Kome walifunga midomo, wakatulia kama mawe. Jana asubuhi nikasema wamekufa. Nikawahamishia kwenye maji safi, nikaketi kuwatazama.

Kabla ya adhuhuri, wa kwanza akafumbua ganda, akatoa mguu mweupe.

Nilicheka peke yangu. Walikuwa wamefunga mlango tu, wakingoja ubaya upite!

Nikashuka mtoni na fimbo. Kwenye kona iliyotulia, pale mdomo wa bomba letu ulipokuwa, kila nilipochimba niliwapata. Kwenye mawe, maji yanapokimbia bado, sikumpata hata mmoja.

Leo nimemwonyesha Kabwe ndoo, kisha kona, kisha mawe. Alichuchumaa kuwatazama. Halafu akavua viatu, akakunja suruali, akaingia mtoni kushika ncha ya bomba huku mimi nikiihamisha kutoka konani na kuifunga kwenye mawe, maji yanapokimbia. Hakuniomba msamaha. Lakini tuliporudi, alisimama langoni, akasema kwa sauti:

"Mutombo hakuziba kitu. Ni kome. Njo yeye alitupatia maji."

Nimekwenda kuwasha pampu.

Hata hivyo sijaridhika. Kama hawapendi maji ya kasi, wa kwanza alifikaje huku? Kwa miguu ya ndege? Kwenye nyavu za wavuvi?

Jumamosi nitafuata mto hadi nyuma ya mifuko ya mchanga, maji yalikotuama, nikachimbe huko. Wanajeshi wakiniuliza natafuta nini, nitawaonyesha ndoo.