Mkaa wa Juu

Jumamosi, Kisenyi. Mvua imenyesha asubuhi, jua limetoka mchana, na mimi leo nimekuwa mtu mbaya. Naandika kabla sijaanza kujitetea.

Wifi yangu Akello, mke wa kaka yangu Juma, ana miezi miwili kwetu. Ni mtoto wa askari kutoka Gulu, amekulia kambini, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Kwetu bibi harusi mpya lazima siku moja awape mashangazi chai na kitu alichopika kwa mkono wake, apige magoti akiwapa. Kikiwapendeza, amekuwa wetu. Kisipowapendeza, jina watakalompa litamfuata mpaka awe na wajukuu.

Leo ilikuwa siku yake.

Alikwenda supamaketi Ntinda akarudi na maboksi mawili ya unga wa keki, ule uliochanganywa tayari, wa watu wasiojua. Unaongeza mayai, mafuta na maji, basi. Mimi ninayeoka keki za harusi za mtaa mzima nilicheka mpaka nikashika ukuta. Keki ya boksi, jamani! Lakini alikoroga vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Hapakuwa na donge hata moja.

Shida ni kwamba boksi linasema oveni, na sisi hatuna. Tunaokea kwenye sigiri, jiko letu la mkaa: sufuria kubwa yenye mchanga, ndani yake ile ya keki, halafu mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko. Bila mkaa wa juu keki haiivi. Yeye hakujua.

"Wifi, moto niuwekeje?"

"Wote chini. Juu usiweke kitu. Na usifunue mpaka wageni wafike."

Nilisema hivyo bila kupepesa macho. Kwa nini? Kwa sababu Mama anamwita yeye "binti yangu," na mimi ananiita "huyu." Sina sababu nyingine.

Mashangazi walipofika, sufuria ikafunuliwa. Chini imeungua nyeusi, juu uji. Shangazi Hawa alichovya kidole, akalamba. "Haya, leteni vikombe, tunywe keki." Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Nami nilicheka, tena kwa sauti. Akello alikuwa amepiga magoti, sinia mikononi. "Nisameheni, mama zangu. Nimekosea moto."

Hakunitaja.

Kisha Shangazi Hawa akanigeukia. "Zaituni, si umfundishe mwenzio? Wewe keki unaziweza, mume ndiye aliyekushinda." Kicheko kikaanza upya. Mama naye alicheka. Nikatazama mkeka.

Kwetu bibi harusi hainuki mpaka aambiwe. Akello aliinuka. "Wifi yangu msimcheke mbele yangu," akasema. Sasa wanamwita mpika uji asiye na adabu.

Wallahi, afadhali angenipiga kofi.

Muda si mrefu amekuja chumbani kwangu na lile boksi la pili, akaliweka mezani. Anataka kesho tuoke pamoja, sisi wawili tu.

"Jirani ameniambia mkaa unawekwa juu," akasema. "Nimemwambia wifi alisahau."

Akatoka, akarudisha mlango polepole.

Sikusahau, Akello. Kesho nitaweza kukuambia hivyo kabla hatujawasha sigiri?